Bibi Wanga, Dobi Aliyepigania Watoto wa Wenzake Wasome

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, msimamizi wa chumba cha udobi cha hospitali yetu anastaafu baada ya miaka arobaini na miwili ya utumishi. Jina lake la kwenye faili wengi wetu hatulijui. Tunamjua kama Bibi Wanga.

Wageni hulishtukia jina hilo. Muuguzi mmoja mpya alipoambiwa apeleke makoti kwa Bibi Wanga, aliuliza kwa sauti ya chini kama uongozi una habari kwamba umeajiri mchawi. Ilibidi tumweleze kuwa wanga wenyewe ni ule wa kukazia nguo, na hakuna anayejua kuukoroga kama yeye. Kola aliyoipiga pasi Jumatatu husimama wima mpaka Ijumaa, hata mwenye koti akiwa hoi.

Alizaliwa na dobi. Mama yake alifua mashuka ya hospitali hii hii enzi za masinki ya saruji, kabla mashine hazijaletwa. Bibi Wanga alikuwa wa kwanza darasani, na aliyemfuata kwa karibu ni binti wa daktari, jirani yake wa dawati. Alipokuwa kidato cha pili, vidole vya mama yake vilivimba kwa maji na sabuni kali, vikashindwa kukamua hata taulo. Baba alikwishafariki, na wadogo zake wawili walikuwa wanahitaji kula. Akavua sare ya shule, akaja kushika beseni la mama yake. Miaka ikapita, yule binti wa daktari naye akarudi hapa akiwa daktari, na Bibi Wanga ndiye akawa anampigia pasi koti. Walikumbatiana, wakacheka habari za mwalimu wao wa hesabu, na urafiki wao upo hadi leo. Hakumwonea kijicho. Alitusimulia tu, huku akikunja mashuka, kwamba walikaa dawati moja, lakini kengele ikilia kila mmoja alirudi kwao.

Kazini alikuwa moto. Siku mashine kubwa ilipokufa, aliyafungua masinki ya zamani, akakunja mikono ya gauni, na hakuna upasuaji ulioahirishwa. Mkuu wa upasuaji alikuja mwenyewe kushukuru. Akapewa upande mmoja wa shuka akamue.

Lakini jambo tutakalomkumbukia zaidi lilianzia nyumbani kwake. Binti yake alimaliza sekondari kwa alama nzuri, akautaka uuguzi. Hospitali ilikuwa ikimsomesha mtoto mmoja wa mfanyakazi kila mwaka, ila utaratibu uliwahusu wenye vyeo tu. Dobi hakuwemo, wala mpishi, wala mlinzi. Binti akaenda kujifunza cherehani. Kwenye mkutano wa wafanyakazi uliofuata, mkurugenzi alipouliza kama kuna mengineyo, na watu wameshaanza kuitazama meza ya chai, Bibi Wanga alisimama.

"Mtoto wa mkubwa akikosa nafasi hii, baba yake atamlipia kwingine," alisema. "Wa kwetu akiikosa, anakuja kushika beseni la mama yake. Mimi ndivyo nilivyofika hapa."

Mkurugenzi aliahidi kulitazama suala hilo, na akalitazama kwa miaka kadhaa. Bibi Wanga naye hakumpa nafasi ya kupumua. Kila mkutano alikuja na lile lile, safari hii ameongozana na wapishi, safari ile na walinzi, mpaka ikawa akisimama tu ukumbi mzima unajua. Hatimaye utaratibu ukabadilishwa: atangulie mwenye shida zaidi, awe mtoto wa yeyote yule. Kufikia hapo binti yake alikuwa ameshapita umri wa kupokelewa chuoni.

Wa kwanza kwenda alikuwa binti wa mpishi. Bibi Wanga alirudi nyumbani na habari hiyo bila kujua ataianzaje. Alimkuta mwanawe kwenye cherehani. Yule binti aliposikia aliusimamisha mguu juu ya pedali. Kisha akasema, "Sare zake nitashona mimi, mama. Niletee vipimo."

Bibi Wanga alipotusimulia hayo kesho yake, aligeukia ukutani, na sisi tukajifanya tunatafuta vifungo.

Leo mkunga wa wodi ya wazazi ni mtoto wa mlinzi, na fundi wa eksirei ni wa mfagiaji. Mwenyewe hapendi tukivimba vichwa. Husema nafasi moja kwa mwaka ni kidogo mno, na watoto wenye akili walioishia kuuza karanga mitaani bado ni wengi. Kweli kabisa.

Mwaka huu mjukuu wake amefaulu vizuri, na kwa kuwa siku hizi wajukuu nao huruhusiwa, sote tulingoja aombe nafasi hiyo. Hakuomba. Mama yake, ambaye sasa ana duka la ushonaji lenye mafundi chini yake, alisema ada ataimudu mwenyewe. Nafasi aipate asiyekuwa na pa kushika. Imekwenda kwa mtoto wa dobi mwenzetu, na hao wawili wameanza uuguzi chuo kimoja, darasa moja.

Bibi Wanga, asante kwa mikono yako, na asante zaidi kwa kusimama watu walipotaka chai. Nenda salama, mama yetu. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na miaka mingi ya kukaa ukihudumiwa na wanao na wajukuu, ingawa tunakujua, hutakubali.