Aya Zilizomezwa: Risala ya Wapiga Chapa kwa Fundi Mkuu

Mgeni rasmi, Fundi Mkuu wa karakana iliyotuundia programu ya kuandikia, Bwana Meneja, wenzetu wa meza ya gundi, mnaojalidi vitabu huko chini: hamjambo nyote.

Karibu

Sisi wapiga chapa wa chumba cha juu tunakupokea kwa mikono miwili, hiyo hiyo inayobonyeza. Umepanda ngazi zetu bila kulalamika, nasi tumekuwekea kiti kisichoyumba. Tunacho kimoja tu.

Tulikotoka

Tulianza na kibodi kuukuu, zenye vumbi na vibonye vigumu. Ukibonyeza mara moja, huna hakika kama imeshika. Tukajizoeza kubonyeza mara mbili kila tunapokata maneno, na kila aliyeingia kazini alifundishwa hivyo siku ya kwanza. Aliyetufundisha ni Shangazi, mwenye meza ya dirishani. Ni shangazi wa damu wa mmoja wetu tu, lakini karipio lake tumelila sote.

Kibodi mpya zikaja, na programu yako. Lakini mazoea yana taabu: sisi wengine yalituacha bila kujua, Shangazi hayakumwacha.

Changamoto

Aya zikaanza kutoweka vitabuni. Shangazi anaikata aya hapa, anakwenda kuibandika kule, na kule unatokea mstari mmoja usiohusika. Mwandishi mmoja alipokea kitabu chake, akakuta shujaa anazikwa na hata kuugua hajaugua. Meneja akasema mama huyu macho yamechoka, akampeleka meza ya gundi. Shangazi alivua miwani, akaiacha juu ya kibodi, akashuka.

Tukawaandikia karakanani kwenu kwamba programu ina kasoro. Mafundi wako wakajibu kwa adabu kuwa hiyo si kasoro: mtu akikata bila kuchagua maneno, programu huchukua mstari mzima alipo; ndivyo ilivyokusudiwa, na wengi wanaipenda. Sisi tukajibu kwamba Shangazi huchagua kwanza, ndipo akate. Barua zikaenda na kurudi, kila upande unaapa.

Ushindi

Hadi ulipokuja mwenyewe, ukavuta kiti nyuma ya Shangazi, aliyepandishwa juu kwa ajili ya siku hiyo. Ulitazama vidole vyake, si kioo cha kompyuta.

"Mama, mbona unabonyeza mara mbili?"

Alikutazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu hufumba macho wakilala. "Ili ishike, mwanangu."

Ukacheka hadi ukapiga paja. Mbonyezo wa kwanza ulikuwa ukikata aya. Wa pili, kwa kuwa hakukuwa tena na kilichochaguliwa, ulikata mstari uliofuata na kuuweka mahali pa ile aya, katika kumbukumbu ya kompyuta ambamo kilichokatwa hungoja kubandikwa. Aya ikaenda na maji. Programu ilifanya ilichoambiwa, na mama alifanya alichozoeshwa na kibodi mbovu. Tukadhani utatushinda kwa hoja hiyo. Badala yake ulisema, "Kama jambo linamkuta mtu mwenye akili zake, tena kila siku, mimi sigombani na jina, liitwe kasoro lisiitwe. Nalirekebisha."

Na umelirekebisha. Sasa ukibonyeza tena papo hapo bila kuchagua, hakuna mstari unaokatwa, na kilichokwisha kukatwa hakiguswi. Tumeshinda, mgeni rasmi, nawe umeshinda pamoja nasi. Wenzetu wa vyumba vingine vya uchapaji wanafaidi marekebisho haya bila kujua ni vidole vya nani wavishukuru.

Ombi

Hatuombi feni, ingawa ukiitaja hatutakuziba mdomo. Ombi letu ni moja. Marekebisho uliyatangaza kwa maandishi, lakini humu chumbani hakuna aliyewahi kutamka kwamba macho ya Shangazi hayakuwa na hatia. Bado yuko chini, kwenye gundi. Miwani yake iko dirishani, tunaifuta vumbi kwa zamu. Bwana Meneja ni muungwana. Anangoja tu kulisikia neno hilo kwa mwenye kazi. Liseme leo, naye akiwapo.

Ushahidi unao masikioni. Risala hii ameichapa Shangazi jana mchana. Tulimwazima miwani yake mwenyewe, akakaa, vidole vingali na gundi, akahamisha aya huku na huko, akibonyeza mara mbili kama kawaida yake. Tumeipitia mwanzo hadi mwisho. Haujapungua hata mstari mmoja.

Mungu akujalie vidole vyepesi, na usingizi usiokatizwa na barua zetu.

Ni sisi,
Wapiga Chapa wa Chumba cha Juu, pamoja na mmoja wetu aliye chini.