Siku Nilipolishusha Gari la Umeme Soni

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Mlalo! Leo mnivumilie, kunyamaza siwezi!

Mimi ni Mama Eliza, mwenye nyumba ya wageni pale Lushoto mjini. Zamani gari letu lilikatika breki kwenye kona za Soni, njia ya kushuka Mombo. Mungu alituponya, mimi na mume wangu, lakini woga ulibaki. Kila tukishuka Mombo nilikaa nyuma, macho nimefumba, nakemea kila kona.

Mwaka huu Mungu akatufungulia mlango, tukanunua gari la kifahari linalotumia umeme mtupu. Viti vya ngozi, kioo kikubwa kama televisheni, na haliungurumi! Sokoni wakacheka: "Mama Eliza kanunua simu yenye magurudumu!" Nikajifunza kuliendesha mjini. Lakini kushuka Soni? Thubutu!

Jumamosi moja umeme ulikatika tangu asubuhi, na chaji ya gari ilibaki kidogo. Mume wangu alikuwa safarini. Jirani yangu Mama Zaina akaja mbio, miguu mitupu. Binti yake Zaina ameshikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, hospitali yetu imesema apelekwe ile ya Korogwe haraka, na gari la wagonjwa limeshaondoka na mwingine.

"Dada yangu," akasema, "nimebaki na wewe tu."

Ndugu zangu, nikachukua funguo! Nikasema, "Bwana, nashuka. Usiniache kwenye kona." Tukampakia Zaina, mama yake akisoma dua, mimi nikimwita Yesu.

Kona ya kwanza nikaondoa mguu kwenye pedeli ya mwendo. Gari likajizuia lenyewe, likateremka kwa adabu! Nikatupa jicho kwenye kioo. Chaji inapanda! Haleluya!

"Mama Zaina, inaongezeka!"

"Nini?"

"Betri! Tunavyoshuka inajichaji!"

"Alhamdulillahi! Twende, dada, twende!"

Mombo tulifika na chaji nyingi kuliko tuliyoondoka nayo! Fundi amenieleza kwamba magari haya ndivyo yalivyotengenezwa. Sawa! Lakini aliyenitoa woga siku ile namjua mimi.

Chaji hiyo ikatufikisha Korogwe, wakampokea Zaina, wakamfanyia upasuaji, akapata mtoto wa kike. Wote wazima! Juzi nimempakata, ananitazama tu.

Nakushukuru, Yesu! Na wewe uliyekaa hapo na jambo linalokutetemesha, usingoje woga uishe ndipo umwamini. Anza kwenda, utamkuta njiani.

Baada ya ibada, wazee mnaoshuka Mombo njooni, nafasi ipo. Dereva ni mimi!