Hezekiah Andati na Taa Iliyowaka Jumapili

Willis Osundwa alimfahamu marehemu Hezekiah Andati mwezi wa Agosti 1967, siku ya posa nyumbani kwa akina Osundwa, Malava. Osundwa alikuwa akimsemea dada yake Navalayo. Bwana harusi, ndiye marehemu, ambaye kwa desturi hunyamaza wazee wake wakizungumza, alikatiza maneno akauliza kama ng'ombe wanaodaiwa ni wa kukamuliwa au ni wa kuonyeshwa majirani. Wazee walinuna. Osundwa alimtazama vizuri, akasogeza kiti karibu. Harusi ilifungwa kanisani tarehe 16 Desemba mwaka huo.

Marehemu alizaliwa Iguhu tarehe 11 Machi 1942, mtoto wa tatu wa mzee Shitanda na mama Nafula. Alisoma huko huko hadi mwaka 1959, karo ilipokatika. Aliajiriwa katika kiwanda cha sukari kama karani wa mizani, na hakuna dereva wa trekta aliyewahi kumletea matope akayaita miwa. Alistaafu mwaka 1995, akahamia nyumba aliyojenga Shieywe, na Februari iliyofuata akanunua gari dogo jeupe lililotumika Japani.

Gari hilo ndilo lililowachosha watu. Kwenye dashibodi lilikuwa na taa ya rangi ya chungwa yenye picha ya injini, na taa hiyo iliwaka Jumapili asubuhi marehemu akiwa na pasta kando yake. Jumatatu bado inawaka. Akifika kwa fundi katikati ya juma, imezima, na fundi anamtazama kama mtu aliyeota. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha pampu ya petroli. Wa tatu alipendekeza aing'oe balbu, mambo yaishe. Marehemu alimwambia mtoto akilia hazibwi mdomo, akaondoka na gari lake na balbu yake.

Osundwa, ambaye kazi yake ilikuwa kununua na kuuza chochote chenye magurudumu kwenye barabara ya Webuye, alichoka kusikia habari hizo kila alipotembelea Shieywe. Alikuwa na mteja wa gari lile. Mwezi wa Desemba, marehemu akiwa amekata tamaa kabisa, walipeana mkono: taa ikiwaka siku ya Krismasi mwaka 1996, Osundwa alichukue kwa bei yake mwenyewe, isipowaka, asilitaje tena. Kwa marehemu lilikuwa jambo zito. Pasta na akina mama wazee wa kanisa walikuwa wakilitegemea gari hilo, na yeye alikuwa amekwisha kuwaambia hawatatembea tena kwa miguu.

Jumapili iliyotangulia Krismasi taa iliwaka tena. Wakiwa mezani, Navalayo akaweka sufuria chini.

"Hii gari inawakanga Jumapili tu. Imeokoka?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Aliuliza Jumamosi gari hupelekwa wapi. Marehemu alijibu kwa fahari kwamba hupelekwa mtoni Isiukhu kuoshwa, na vijana huimwagia injini ndoo baada ya ndoo mpaka ing'are, kwa sababu baada ya ibada wanaume hupenda kufungua boneti na kutazama.

"Basi acha kuinywesha maji," Navalayo akasema.

"Nimbebe pasta na injini chafu?"

"Pasta anakaa ndani ya injini?"

Marehemu hakukubali kuacha. Osundwa alimega tonge jingine la obusuma, yaani ugali. Kesho yake Navalayo mwenyewe alimpeleka mumewe na gari kwa fundi Titus, akamwambia atafute mahali maji yanapoingilia. Titus alimwaga maji kidogo kidogo, waya kwa waya, mpaka taa ikawaka. Kifuniko cha mpira kwenye waya wa kipima joto cha injini kilikuwa kimepasuka. Maji yaliingia Jumamosi, yakakauka katikati ya juma. Titus aliukausha, akaweka mpira mpya.

Mkesha wa Krismasi marehemu aliosha injini kama mtu anayebatiza. Asubuhi Osundwa alikuja, akakaa mbele, macho kwenye dashibodi. Ufunguo ulipogeuzwa taa ikawaka, naye akanyoosha mkono kupokea funguo.

"Ngoja, shemeji," marehemu akasema. "Hiyo inasalimia tu."

Injini ikanguruma, taa ikazima. Haikurudi tena.

Juni 1998 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Alitibiwa Kakamega, akarudi nyumbani, akawa anaelekeza uoshaji wa gari akiwa kwenye kiti, akimlaumu kila aliyeshika kitambaa. Aliaga dunia Ijumaa, tarehe 9 Oktoba 1998, alfajiri, mkewe akiwa kando yake.

Ameacha mjane wake Navalayo, watoto wake Rosebella, Phanuel na Nabwire, wajukuu, na shemeji yake Osundwa, aliyepewa kazi ya kuandika na kusoma haya. Akina mama wa kanisa walipata miaka miwili ya kupumzisha miguu. Osundwa alikosa gari, na mteja wake akaenda kwingine. Juzi, wakati wa kupanga mazishi, aliuliza kwa upole tu gari litaendeshwa na nani. Dada yake akamjibu kwamba ameanza kujifunza udereva.

Hezekiah Andati, lala kwa utulivu. Bei imefungwa, na gari halitatajwa tena.