Shemeji, Nianzie Wapi?

Shikamooni wakubwa zangu. Wenzangu, mambo. Mama mwenyekiti wa kikundi ameniambia niseme kwa kifupi na nisichekeshe watu. Kifupi nitaweza.

Baba alipofariki, baba mdogo alilichukua shamba letu la alizeti. Nyumba hakuitaka, nyumba haikamuliwi mafuta. Alisema ardhi ni ya ukoo, mama ni mpita njia tu. Nikaacha shule, nikawa nauza vitunguu kwenye madirisha ya mabasi hapa Ihanja. Mbio zile ningezikimbia shuleni, ningepewa kikombe.

Ndugu zangu, nawaambia, ndipo akaja huyu Mwalimu. Anafundisha chuo kikuu Dodoma, Jumamosi yuko huku na kina mama. Siku ya kwanza alitueleza haki za wajane kama yuko darasani kwake. Bibi yangu akakoroma. Mwalimu akanyamaza, kisha akauliza, "Bibi, mtu akizidiwa na shamba hapa mnafanyaje?"

Bibi akafungua jicho moja. "Anapika, anaita watu, tunamlimia. Kwani kwenu?"

"Basi mama huyu apike," Mwalimu akasema, akimwonyesha mama yangu.

Mama akachinja mbuzi, akaita kijiji kuja kulima shamba lile lile, na baba mdogo naye. Mnajua wenyewe: ukiitwa usiende, siku yako utalima na kuku wako. Wanafunzi wa Mwalimu walikuja pia, wameshika majembe kama vipaza sauti.

Baba mdogo alikuja kugomba, nadhani. Lakini nyama ilikuwa inachemka, watu wote wanamtazama, na mdomo una mazoea yake. Akasimama ukingoni na jembe begani, akauliza kile ambacho kila aliyeitwa humuuliza mwenye shamba:

"Shemeji, nianzie wapi?"

Majembe yote yakasimama.

"Pale kwenye kichuguu," mama akasema.

Akalima. Baadaye mama alipopeleka shauri baraza la ardhi la kijiji, akaanza tena habari za ukoo. Mzee mmoja akamkatiza: "Siku ile ulimuuliza nani pa kuanzia?" Shamba likarudi kwa mama, mimi nikarudi kidato cha tatu, ambako hisabati ilikuwa inanisubiri kwa hasira.

Namshukuru Mwalimu kwa kunyamaza, na bibi kwa kuamka. Wanafunzi wa chuo pia asanteni, ingawa mistari yenu imepinda. Nilichojifunza: ukinyang'anywa, usilie peke yako. Ita watu. Mwite hata aliyekunyang'anya.

Sitaji jina la mtu. Ila baba, wewe uliyekaa karibu na mlango, shikamoo. Jumamosi tunapalilia. Mbuzi hayupo, lakini umeitwa.