Gideon Ngeleja na Nyimbo Tisa za Chumba cha Mashine

Wachungaji, masheikh na wazee wetu mliotoka Kisarawe, majirani wa Tumbi, ndugu, jamaa na marafiki, kwa niaba ya ukoo wa Mzee Ngeleja nawashukuru kwa kufika, na naomba mnivumilie, kwa sababu mimi ninayesoma ni Ephraim, kaka mkubwa wa marehemu, na katika historia hii nami nimo, mahali pengine si pazuri.

Gideon Ngeleja Kashindye alizaliwa tarehe 9 Agosti 1985 wilayani Maswa, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa marehemu Mzee Ngeleja Kashindye na Mama Modesta, ambaye tunaye hapa na tunamwombea nguvu. Mwaka 1995 baba alihamia Maneromango, wilaya ya Kisarawe, pamoja na ng'ombe wake, na babu akaja naye, amebeba ndono, ule upinde wa uzi mmoja wenye kibuyu ambao wazee wa Kisukuma huupiga wakiwa machungani. Gideon, badala ya kuangalia ng'ombe, alikuwa akiangalia vidole vya babu, ndama wakala mihogo ya watu, na fimbo nikachapwa mimi kwa kuwa ndiye mkubwa.

Alianza darasa la kwanza Maswa mwaka 1993, akamaliza la saba Maneromango mwaka 1999, na kuanzia mwaka 2000 hadi 2003 alisoma sekondari hapa Kibaha, akikaa kwangu Maili Moja, na matokeo yake ya kidato cha nne mwenyewe aliomba yasisomwe hadharani, nami naheshimu. Mwaka 2004 alijiunga na chuo cha ufundi stadi jijini Dar es Salaam, akahitimu fani ya umeme mwaka 2006, na tarehe 1 Februari 2007 aliajiriwa kuwa fundi umeme katika kituo cha elimu hapa Tumbi, kazi aliyoifanya kwa uaminifu mpaka mwili ulipokataa.

Tarehe 20 Oktoba 2012 alifunga ndoa takatifu na Martina, na Mungu akawajalia watoto wawili, Bertha aliyezaliwa mwaka 2013 na Silvanus aliyezaliwa mwaka 2017, ambao wote wamerithi mikono ya baba yao, maana hakuna redio katika nyumba hii iliyobaki na mfuniko wake.

Sasa nifike kwenye kazi yake ya pili, ambayo kwa miaka mingi nilikataa kuiita kazi. Mwaka 2016, Gideon, akiimba na kupiga gitaa, pamoja na Latifu Abdala, mpiga ngoma, na Firdausi, dada yake Latifu, mwalimu wa hesabu anayepiga gitaa la besi, walianzisha bendi ya Udongo Mweupe, wakipiga roki, muziki wa magitaa ya umeme unaonguruma, lakini ndani yake mkiwa na bluzi, ule muziki wa majonzi unaokwenda taratibu, ambao Gideon aliapa kwamba babu alikuwa akiupiga kwa uzi mmoja bila kujua jina lake. Mimi, mzee wa kanisa na sauti ya besi ya kwaya, niliuita kelele, nikamwambia hivyo mbele ya mkewe.

Baba yao kina Latifu, Mzee Abdala, aliwapa chumba kilichokuwa na mashine yake ya kusaga pale Kisarawe, kwa sharti moja, nalinukuu kama alivyolisema: "Pigeni mtakavyo, lakini adhana ikianza nisisikie hata kijiko." Humo, kuanzia mwaka 2023, kila Jumamosi asubuhi, walirekodi albamu yao ya kwanza, waliyoiita Chumba cha Mashine, wakipangusa unga kwenye spika, na mtakaposikia wimbo wa tatu unakatika ghafla msidhani ni ufundi, ni adhuhuri iliingia. Gideon hakuwa akitafuta utajiri wala sifa, alitaka albamu moja, nzima, yenye nyimbo tisa, ili hata asipokuwepo watoto wake wamsikie.

Mwezi Novemba 2024 sauti yake ilianza kukwaruza, tukadhani ni vumbi la mashine, na tarehe 14 Januari 2025, baada ya vipimo hospitalini hapa Tumbi na baadaye Dar es Salaam, ikabainika kuwa ni saratani ya koo. Alitibiwa kwa mionzi, akapata nafuu, akarudi nyumbani mwezi Julai, nyimbo nane zikiwa zimekamilika na wa tisa umerekodiwa magitaa na ngoma, umebaki kuimbwa tu, na madaktari wakiwa wamemweleza kwamba huenda akahitaji kuondolewa koromeo.

Hapo ndipo nilipokosea. Kwetu, nyumba yenye mgonjwa haipigwi ngoma, mgonjwa hatumwi kazi, na mkubwa wa nyumba ndiye anayelinda kimya, kwa hiyo mimi, nikidhani nampenda, nilibeba gitaa lake na kipaza sauti chake nikavifungia stoo kwangu Maili Moja, na kila Jumamosi Latifu na Firdausi walipokuja kumchukua nilikuwa nimekaa getini kwake, nikiwaambia anapumzika. Gideon hakubisha, kwa sababu tangu baba afariki mimi ndiye niliyekaa nafasi yake, na mtoto aliyelelewa na Mama Modesta habishani na baba. Zilipita Jumamosi sita, na hizo ndizo zilizokuwa za mwisho za sauti yake. Tarehe 1 Septemba 2025 alifanyiwa upasuaji, na alipozinduka aliomba karatasi, akaniandikia maneno matatu: "Ulibaki wimbo mmoja." Niliyasoma, nikatoka nje ya wodi, nikalia mbele ya watu, mimi niliyezoea kuwanyamazisha wengine misibani.

Mwezi Oktoba aliniandikia tena, safari hii akisema wimbo huo niuimbe mimi. Nilikataa mara tatu, nikitaja kanisa, umri na aibu, na mara ya nne Martina akaniambia, "Shemeji, gitaa ulilibeba bila kumuuliza, na ombi lake hili nalo unataka kulibeba?" Basi Jumamosi ya tarehe 15 Novemba nilipanda kwenda Kisarawe, na kuanzia saa tatu asubuhi nikaimba, nikikokota kila mwisho wa mstari kama niko kwenye tenzi, Latifu akicheka nyuma ya ngoma zake, Firdausi akinihesabia kwa chaki ukutani kama mwanafunzi mzito wa kuelewa, na Gideon, amekaa juu ya gunia na shuka begani, gitaa nililomrudishia likiwa mapajani, akitikisa kichwa na kuonyesha kidole: tena. Mara kumi. Adhana ikaita, tukanyamaza, Mzee Abdala akaenda kuswali, na aliporudi alisimama mlangoni akasema, "Ephraim mwanangu, unaimba kama mtu anayeomba radhi lakini hataki kusikika. Omba basi, tusikie." Mara ya kumi na moja niliimba nikimtazama mdogo wangu, na alipoweka gitaa chini hakuonyesha kidole.

Sikuimba vizuri, niliposikiliza niliona haya, na Januari hii, alipolazwa tena hapa Tumbi, nilimwomba wimbo wangu uondolewe, zibaki nane alizoimba mwenyewe. Alinikazia macho, akaandika, "Ni tisa." Gideon alilala katika Bwana Jumanne, tarehe 3 Februari 2026, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na karibu miezi sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Tumbi na wa Dar es Salaam, kituo cha elimu na wafanyakazi wenzake, majirani mliopika na kulala nasi hapa, kanisa letu, na Mzee Abdala na nyumba yake yote, ambao kwa mdogo wangu hawakuwa marafiki, walikuwa ndugu.

Jana wazee walikaa kuuliza kama ni halali muziki wa marehemu kutoka kabla ya arobaini, na mila ikazungumza, nami naiheshimu mila, lakini nilisimama nikasema kwamba nyumba ya Gideon niliinyamazisha mara moja na ninaujua uzito wake, sitaubeba mara ya pili. Mama Modesta akasema, "Acheni mwanangu aimbe." Kwa hiyo tukishamzika, leo saa kumi jioni, albamu inatoka, mtaipata kwenye simu zenu, nyimbo zote tisa, na sauti ile nzito ya mwisho inayochelewa kila mahali ni yangu, mnaruhusiwa kucheka.

Pumzika kwa amani, Gideon, mwana wa Ngeleja, umeshachoka, kelele sasa tuachie sisi.