Mzazi Asimame: Historia ya Marehemu Mwalimu Joakim Nyanda Salu

Mchungaji, wazee wa kanisa, baba zangu na mama zangu wa ukoo, majirani wa Malambo, na ninyi mliovaa fulana zenye picha ya marehemu, nawasalimu nyote, mwadila. Naitwa Nyanjige Joakim, nasoma historia hii kwa niaba ya familia, na kabla sijaanza niseme wazi kwamba kikao cha ukoo hakikunichagua mimi, kilimchagua kaka yangu Fredrick, ila jana mama yetu alikataa chakula akawaambia wazee, "Asome yule mliyemwacha nje," na hakuna aliyethubutu kubishana na mjane. Wengi wenu mnanijua kama ndugu wa mwalimu kutoka kijijini, yule anayewapikia wali siku za mkutano wa mfuko wake wa elimu. Naomba mtulie, leo mtanijua vizuri.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Juni 1951 katika kijiji cha Lingeka, Meatu, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Nyanda Salu na mama Esteria, wafugaji na wakulima wa pamba, na miaka yake ya kwanza aliimaliza machungani nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Baba mdogo Mayige, aliyeandika karatasi hii, anasema alikuwa mtoto mpole. Mimi sikuwepo.

Alianza shule ya msingi hapo Lingeka mwaka 1960, akaendelea na sekondari mjini Mwanza kuanzia 1968 hadi 1971, akamaliza chuo cha ualimu Desemba 1973, na katika safari hiyo yote hakukatika hata mwaka mmoja, jambo alilopenda kulitaja mezani, hata mbele ya mtu ambaye miaka yake ilikuwa imekatika.

Aliajiriwa Januari 1974 akafundisha Nyalikungu, Maswa, kwa miaka kumi na mitano, akahamia Bariadi mwaka 1989 kama mwalimu mkuu, akawa mratibu wa elimu wa kata mwaka 2003, na kustaafu tarehe 3 Juni 2011. Walimu wenzake waliopo hapa wanajua kwamba hakuwahi kuchelewa kazini, hakula hela ya mtu, na hakuwahi kumwomba mtu yeyote msamaha.

Tarehe 21 Oktoba 1978 alifunga ndoa na mama yetu Monika, binti wa wavuvi wa Kalemela, Busega, ndoa iliyodumu miaka arobaini na saba, ambayo ndani yake baba alisema na mama alipika.

Sasa tumefika kwenye watoto. Karatasi niliyopewa inasema marehemu ameacha mjane na watoto sita. Baba mdogo, nakuheshimu, lakini unajua kuhesabu ng'ombe wa boma zima gizani usikosee hata ndama, kwa hiyo usiniambie umesahau. Sisi ni saba. Mimi ni wa nne, nilizaliwa tarehe 14 Agosti 1989, nikabatizwa katika kanisa hili hili, na Mei 2006, nikiwa kidato cha tatu, niliugua ugonjwa wa hisia, ule unaompandisha mtu wiki mbili bila usingizi, anaongea na kucheka na kugawa nguo zake, kisha unamshusha mpaka anashindwa kuinua kikombe cha chai. Baba alikuja shuleni kunichukua, akamwambia mkuu wa shule kwamba nahama, akanipeleka Lingeka kwa bibi Esteria, na aliporudi Bariadi akawaambia ninyi kwamba nimeolewa Geita. Mkampongeza. Wengine mlimuuliza mahari ilikuwa ng'ombe wangapi, naye akawatajia.

Nilikaa Lingeka miaka minane. Sitamsingizia marehemu, vidonge vyangu alivileta mwenyewe kila mwezi, na kliniki alinipeleka mwenyewe, wilaya nyingine, ambako hajulikani. Bibi aliamini ni mizimu inanidai, akanivika shanga, baba akazikata na kumweleza bibi kwa upole kabisa kwamba huu ni ugonjwa kama kisukari, unatibika, na mtoto anaweza kurudi shule. Alikuwa anajua. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza mpaka leo, kwamba katika Bariadi nzima hakuna mtu aliyejua kuliko yeye.

Mwaka 2012 alianzisha Mfuko wa Kurudi Darasani, unaowalipia ada, sare na nauli ya kliniki wanafunzi walioachishwa masomo na sonona na magonjwa mengine ya hisia, akazunguka makanisa yote na vituo vya kununulia pamba kuomba michango, na kila alikosimama alisimulia habari za mtoto mmoja wa rafiki yake wa Meatu, binti mwenye akili, aliyegawa nguo zake bwenini akaishia kuchunga ng'ombe. Mlilia, mkatoa. Nguo zile zilikuwa zangu.

Na sharti la mfuko alilitunga yeye, kwamba hakuna mwombaji atakayepokelewa mpaka mzazi wake asimame naye hapa mbele ya washirika na kusema kwa sauti, "Mtoto wangu aliugua, ametibiwa, naomba arudi darasani." Alisema kuficha ndiko kunakoua, siyo ugonjwa. Nakiri kwamba sharti hilo ni zuri. Nilimwona baba yake Paschal, mzee wa ng'ombe mia mbili, akisimama hapa kofia mkononi, na Paschal leo ni tabibu. Nilimwona mama yake Goodness akiyasema maneno hayo mara mbili kwa sababu mara ya kwanza sauti haikutoka, na Goodness yuko chuo mwaka wa tatu. Wote hao niliwapikia.

Bibi Esteria alipofariki mwaka 2014 nilirudi Bariadi, nikamwomba baba wakati wa chakula cha mchana asimame na mimi. Akaniambia, "Nikisimama mimi, watasema mwalimu alianzisha mfuko kwa ajili ya mtoto wake, na mfuko utakufa." Ni sababu nzuri, hata mimi ningepiga makofi kama ingetolewa kwa mtu mwingine. Mama alitaka kusimama, akakatazwa. Nikatambulishwa kwenu kama binti wa ukoo anayefanana tu na yule aliyeolewa Geita, nikakaa benchi la nyuma, na kwa miaka kumi na moja kila Januari niliangalia wazazi wa wenzangu wakisimama.

Kuhusu ugonjwa na kifo, marehemu alipata kiharusi tarehe 17 Machi 2025 akiwa shambani, akalazwa hapa mjini, akahamishiwa Mwanza, akarudi nyumbani Mei akiwa amepooza upande wa kulia na hana kauli. Nilimlisha mimi, nilimgeuza mimi. Wauguzi walinitia moyo kwamba mzee ananitambua. Alinitambua siku zote, shida haikuwa hiyo. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, saa tatu asubuhi, mkono wake wa kushoto ukiwa umenishika, na msiniulize alitaka kusema nini, kwa sababu miaka aliyokuwa na kauli hakusema.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza kwa kazi kubwa, majirani wa Malambo kwa maji, kuni na turubai, walimu wastaafu waliokuja kumwogesha na kumnyoa, na wanafunzi wa mfuko kwa fulana. Wanaukoo wa Lingeka tunawashukuru kwa ng'ombe wawili, na kwa kunyamaza kwenu.

Limebaki moja. Nina miaka thelathini na sita, nimetulia kwa dawa mwaka wa tisa huu, na kidato cha tatu changu kiko pale pale nilipokiacha. Katibu wa mfuko, ndugu Marcelo, yuko kiti cha mbele na kalamu iko mfukoni mwake, namwona. Sharti linasema mwombaji aje na mzazi wake mbele ya washirika. Nimekuja naye. Ni kweli hana kauli, lakini kikao cha ukoo kilipitisha kwamba atakayesoma historia hii anasema kwa niaba ya marehemu na familia, na baba mdogo Mayige aliitikia mwenyewe, kwa hiyo nasema kwa niaba yake, kwa sauti, kama alivyowafundisha wengine.

Mtoto wangu Nyanjige aliugua, ametibiwa, naomba arudi darasani.

Andika, ndugu Marcelo.

Haya baba, umeshasimama. Sasa pumzika kwa amani.