Mstari Ambao Sikumsomea Shemeji

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Na kwa ninyi mliozoea "Bwana asifiwe", basi na asifiwe, maana ni Bwana yuleyule.

Mimi ni Deogratias, mzee wenu wa hapa Izia, yule mnayemwona anakuja jumuiya na fimbo na kuondoka mapema kwa sababu ya mgongo. Ushuhuda huu nimeuandika kwenye daftari, kwa sababu nikiusema bila karatasi nitajipendelea. Najijua. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikajifunza kupanga maneno, na maneno hayo yalinisaidia kutenda dhambi ambayo mtu asiyejua kusoma asingeiweza.

Ndugu zangu, soko huria lilipoingia mimi nilikuwa katibu wa chama cha msingi cha ushirika upande wa Laela. Mbolea tuliyozoea kuikopa kwa bei ya Serikali ilipanda, mpaka mkulima akawa anaitazama dukani kama anavyotazama cherehani. Malori ya wanunuzi binafsi yakaanza kupita barabara ya Tunduma. Chama kikadhoofika, nami badala ya kubaki na wenzangu nikaona mlango umefunguka. Nikajiambia: Deo, umesoma, nunua mahindi mwenyewe.

Nikaenda benki kukopa. Nyumba yangu haikuwa na hati, kwa hiyo haikufaa kuwekwa rehani. Wakasema nilete mdhamini mwenye mali. Nilimwendea Kalisto, kaka wa mke wangu Leokadia. Kalisto hakusoma, lakini alikuwa na maksai wanne, plau mbili na mkokoteni, na nusu ya kijiji chake aliilimia yeye. Maksai wale kila mmoja alikuwa na jina lake, na aliwaita kama watoto wanavyoitwa chakula kikiiva.

Tulikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake, nikamsomea fomu ya udhamini. Nilimsomea yote, isipokuwa mstari mmoja. Mstari ule ulisema kwamba mimi nikishindwa kulipa, mali yake yeye ndiyo itakayochukuliwa. Nilipoufikia niliuruka kama mtu anavyoruka dimbwi, nikaendelea na uliofuata. Sikukusudia kumwibia. Nilijiambia msimu ni mzuri, mambo hayatafika huko, ya nini kumtia hofu? Ndugu zangu, Shetani hakuniambia "mwibie shemeji yako". Aliniambia "usimsumbue". Kalisto akatia dole gumba, mke wake Mama Odilia akatuletea togwa, tukacheka.

Mahindi niliyanunua, nikayauza vizuri. Fedha ya benki nilikuwa nayo mkononi, yote! Ningeilipa siku ile, leo nisingekuwa na cha kushuhudia. Lakini Krismasi ilikuwa inakaribia na bei ya mchele mjini inapanda. Nikaona nishuke bondeni Mtowisa nikanunue mpunga, nizungushe fedha mara moja tu, halafu nilipe. Kalisto aliposikia alikuja na baiskeli mpaka hapa Izia kunizuia.

"Shemeji, mvua imeshaanza. Bonde halipandishi lori wakati wa mvua."

"Shemeji Kalisto, biashara si kilimo," nikamjibu. "Ukisubiri jua, wenzako wameshauza."

"Haya, Karani. Mimi nimesema." Karani ndilo jina alilonitania nalo tangu nilipomwoa dada yake.

Lori nililokodi lilizama kwenye mteremko, tukiwa tumebakiza kona chache tufike juu. Siku tisa! Turubai lilikuwa na matundu. Nilipofungua magunia, mpunga ulikuwa umeota, majani mabichi yanachungulia kwenye mishono ya gunia kama kitalu. Ninaikumbuka harufu yake mpaka leo.

Mwaka mzima benki iliniandikia barua, nami sikuwa na cha kujibu. Ndipo tukasikia redioni jambo lililotikisa mji. Benki zilikuwa zimekopesha wakubwa na mashirika, mikopo haikurudi, na sasa Serikali inaubeba mzigo ule kwa fedha ya wananchi wote ili benki zisianguke. Na wakati huohuo sisi wadogo tukaambiwa sheria za kudai zimekazwa, kwamba mtu hawezi tena kujiita mufilisi akaachwa akapumzika. Zamani dalali wa mahakama alikuja, akaongea, akanywa togwa, akaondoka. Sasa alikuja na lori.

Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Mimi nilikasirika kuliko wote! Kila siku ya soko nilisimama kwenye kibaraza cha mafundi cherehani, nikahutubia.

"Benki ikifilisika inabebwa! Mtu akifilisika anapigwa mnada!"

Watu walipiga makofi mpaka mafundi wakasimamisha vyerehani. Nilianza kuitwa Mheshimiwa. Niliyapenda makofi yale, ndugu zangu. Yalinishibisha kuliko ugali, na yalinisahaulisha mpunga ulioota.

Halafu jioni moja, msimu wa kulima ukiwa mlangoni, nikamkuta Leokadia amekaa jikoni, moto umezimika.

"Dalali amekwenda kwa kaka," akasema. "Amechukua ng'ombe wote wanne. Na plau. Na mkokoteni."

Mnataka kujua nilisema nini? Nilisema, "Unaona? Si niliwaambia watu hawa hawana huruma?"

Mke wangu alinitazama, akachukua ndoo, akatoka. Baada ya muda nikapata karatasi ya benki: deni langu limekwisha. Nyumba yangu haikuguswa hata bati moja. Na mimi, badala ya kwenda kwa Kalisto, nilikwenda sokoni na hadithi mpya. Nilisimulia habari za mkulima mmoja maskini, asiyejua kusoma, aliyenyang'anywa maksai wanne kwa deni lisilo lake. Akina mama walifuta machozi. Sikusema deni lilikuwa la nani. Majuma na majuma nilivuna makofi kwa ng'ombe wa shemeji yangu!

Siku moja, mwezi wa Machi, nilikuwa katikati ya hadithi hiyo. Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza maharage akapaza sauti: "Mheshimiwa, kwani mkopaji mwenyewe ni nani? Naye amefanywa nini?"

Niliinua macho nitafute neno, nikamwona Kalisto nyuma ya watu, amesimama na debe la ulezi alilokuja kuuza. Sijui alikuwa pale tangu lini. Tulitazamana. Angesema neno moja tu, ningekwisha.

Akasema kwa sauti ya kawaida, "Mkopaji ni ndugu yetu tu, mama. Mwache, atakuja kusema mwenyewe." Kisha akaninyooshea kidevu. "Endelea, shemeji."

Endelea, shemeji! Ndugu zangu, nimewahi kuanguka kwenye baiskeli, nimewahi kuugua malaria ya kichwa, lakini sijapigwa na kitu kama maneno yale mawili. Sikuweza kuendelea. Nilishuka kibarazani, nikaenda nyumbani, sikula. Nilijaribu kusali Baba Yetu, na kila nilipofika "utusamehe makosa yetu" ulimi ulikuwa ukiruka maneno yale. Ulikuwa umeshazoea kuruka.

Kulipopambazuka nilichukua baiskeli nikaenda kwake. Nilimkuta shambani na Mama Odilia, wanalima kwa jembe la mkono, kwa sababu hawakuwa na kingine. Walikuwa wanatengeneza ntumba, yale matuta yetu ya mviringo ya Ufipa, ambapo majani marefu hukatwa, yakafunikwa kwa udongo yaoze, na msimu unaofuata matuta husambazwa na kupandwa. Nilipokuwa katibu nilikuwa nikiwacheka watu wa ntumba. Nilikiita kilimo cha bibi.

Shati la Kalisto lilikuwa limelowa mgongo mzima. Akanyooka, akaegemea mpini.

"Karibu, Mheshimiwa! Umekuja kuhutubia au umekuja na jembe?"

Mama Odilia hakucheka. Aliendelea kulima, na kila pigo la jembe lake nililisikia kifuani.

Nilipiga magoti kwenye majani yenye umande, mzee mzima na suruali ya kuendea mjini. Nikasema, "Kalisto, siku ile kuna mstari sikukusomea."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mimi sijui kusoma, shemeji, lakini nimeendesha ng'ombe miaka yote. Najua mnyama anayetaka kuruka mtaro. Kabla hajaruka hukaza shingo. Nawe ulipofika pale ulikaza shingo, ukameza mate. Nikasema, pana kitu hapa. Kama ni kibaya, shemeji atakuja aseme. Basi nimekuwa nikisubiri tangu siku hiyo."

"Na ng'ombe walipochukuliwa?"

"Hapo sikuwa nasubiri," akasema. "Hapo nilikuwa nakuja Izia na shoka. Muulize huyu."

"Nililificha kwenye kihenge," Mama Odilia akasema bila kuinua kichwa. "Na bado sijamwonyesha liliko."

Ndipo Kalisto akacheka, na mimi nikalia, na yule mama akaacha kulima akatutazama kama watoto wawili waliomwaga maziwa. Kalisto akaniwekea jembe mikononi. Akasema, "Dhambi yako ifukie humu na majani haya. Nataka kuona msimu ujao kama itakuwa imeoza. Lakini sokoni utakwenda."

Bwana asifiwe! Siku ile nililima mpaka viganja vikapasuka, na pale kwenye matuta niliweza kusema Baba Yetu mpaka mwisho.

Siku ya soko nilipanda kibarazani kwa mara ya mwisho. Niliwaambia: "Mliniuliza mkopaji ni nani. Mkopaji ni mimi. Mdhamini ni shemeji yangu, na nilimficha mstari." Makofi hayakuwapo. Halafu fundi mmoja mzee, ambaye kwa miezi mingi alikuwa amenipisha mahali pa kusimama, akavua miwani yake akasema:

"Kumbe benki ni wewe! Tumekuwa tukikupigia makofi uwatukane wanaobebwa, kumbe na wewe umebebwa!"

Soko zima likacheka. Wengine walizomea. Walinizomea mpaka stendi, na walikuwa na haki hiyo pia. Lakini ndugu zangu, neno la fundi yule lilinifungua kuliko mahubiri niliyowahi kuyasikia. Kweli, benki ni mimi! Nilifanya uzembe kwa mali ya watu, nikaokolewa na maskini kuliko mimi, na nikatembea mjini nimenyoosha shingo.

Msinielewe vibaya. Sikuacha kusema kwamba lile lilikuwa dhulma. Hata leo nasema: si haki mkubwa abebwe na mdogo anyang'anywe jembe. Semeni, msiogope. Ila mimi nilikuwa nimejificha ndani ya haki hiyo kama panya ndani ya kihenge cha watu, nikila na kuchafua.

Misimu mitatu nililima kwenye matuta ya Kalisto. Leokadia alikubali tuezue mabati ya vyumba viwili tuyauze, tukaezeka nyasi, na hakuninung'unikia hata siku mvua ilipotunyeshea kitandani. Bwana ambariki mama yule, ambaye aliongea nami tena taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayemfundisha mtoto. Tukaenda bondeni kwa mfugaji mmoja Msukuma, wakati wa kiangazi safari hii, tukanunua madume wawili wadogo. Kalisto aliwafunza nira mwenyewe. Mmoja akampa jina langu, Karani. Mwingine, yule mlafi, akamwita Benki. Miaka mingi ukipita barabara ile wakati wa kulima ulisikia sauti yake ng'ambo ya mashamba: "Vuta, Benki! Umekula vya kutosha!"

Maksai wale walikufa zamani, lakini Kalisto yupo. Amekaa benchi la nyuma, pale mlangoni, kwa sababu anapenda jua, na hasikii vizuri, ndiyo maana ananicheka bila kujua ninasema nini.

Ndugu zangu, nawasihi. Kila mmoja wetu kuna mtu aliyembeba. Pengine ni mama, pengine mke, pengine jirani ambaye hukumwambia ukweli. Usingoje awe kaburini. Nenda ukamtaje kwa jina, mbele ya watu. Na ukimwogopa huyo, mtazame kwanza Yule aliyetubeba sote msalabani. Alisomewa masharti yote, asifichwe hata mstari mmoja, na bado akakubali.

Nakala ya fomu ile ninayo hapa kwenye daftari, imekuwa ya njano. Shemeji, sogea mbele kidogo, unishike bega ili usikie. Nausoma sasa, wote:

"Mimi mdhamini ninakubali, kwa hiari yangu, mwenzangu akishindwa kulipa, mali yangu ichukuliwe badala ya mali yake."

Amina, Kalisto. Asante.